Kadi ya Mkazi wa Stoo

"Babu, mgeni wako anakohoa tu, haingii."

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Ilikuwa saa saba mchana na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu.

"Mgeni gani?"

"Wa stoo," alisema mjukuu wake. "Amekohoa mara mbili. Nimemwambia karibu, hajaitika. Ni kiziwi? Babu, viziwi wakikohoa hujisikia?"

Mtoto huyo wa miaka saba aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza ila usingizini, na hata huko si sana. Siku nyingine Mwalimu angecheka. Siku hiyo aliifunika kalamu yake polepole. Kikohozi cha mara mbili alikijua. Alikiandika mwenyewe.

Alikuwa amestaafu ualimu kwa miaka kumi na tisa, na sasa aliandika riwaya yake ya nne. Hakuanza sura yoyote kabla ya kumjazia kila mhusika kadi: jina, umri, makazi, harufu, tabia, anachotaka, anachoogopa. Mkewe alisema kwamba hata mbu angeingia nyumba ile angeandikiwa kadi. Riwaya hii ilikuwa na jini, naye Mwalimu hakutaka kumfanyia jini kazi ya ovyo. Alikwenda na daftari kwa mama mganga wa mtaa wa pili, akauliza na kuandika siku tatu mfululizo, mpaka yule mama akachoka.

"Andika unachotaka, Mwalimu, ila usimpe nyumba ya kweli."

"Nyumba nisiyoijua nitaielezaje?"

Basi alijaza kadi kwa wino mweusi. Jina, ambalo halitatajwa hapa. Makazi: stoo yetu, nyuma ya kabati la vitabu. Harufu: nguo iliyoungua kwa pasi. Tabia: hukohoa mara mbili kabla ya kuingia, kama mtu mstaarabu. Anachotaka: sauti ya mtoto msemaji. Anachoogopa: hakuna. Mstari huo wa mwisho ulimpendeza sana. Aliiweka kadi katika sanduku la kadi zake, na sanduku akalirudisha stoo, maana kwake kila kitu kilikuwa na mahali pake.

"Nani anaunguza nguo huko?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna anayepiga pasi," alijibu Mwalimu.

"Najua hakuna. Pasi yenyewe iko kwa jirani tangu juzi. Ndiyo maana nauliza."

Siku ya pili Chiriku hakuimba. Siku ya tatu maswali yalipungua, na yale machache aliyouliza yalitoka kwa mkwaruzo. Daktari alimulika koo lake kwa tochi, akasema ni safi kabisa, labda mtoto amegombezwa. Siku ya nne, mezani, alifungua mdomo kuomba maji na midomo ikacheza bila sauti. Alijaribu tena, akashika shingo yake kwa mikono miwili, akamtazama babu yake kama mtu anayetazama mlango uliofungwa akiwa ndani, na wakati huohuo, katika mchana mweupe, huku majirani wakiongea uwanjani na maji yakichuruzika bombani, kutoka nyuma ya mlango wa stoo ikaanza sauti ya mtoto, nyembamba, yenye furaha, ikiuliza swali juu ya swali bila kungoja jibu, na kila swali lilikuwa moja ambalo Chiriku aliwahi kuuliza katika nyumba ile.

Bibi alimkumbatia mtoto. "Mzee," alinong'ona, "umetuletea nini humu ndani?"

Mama mganga alikuja alasiri ileile. Alinusa mlangoni, akaisoma kadi mara mbili, akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Mimi huwatoa wanaoingia wenyewe," alisema. "Huyu amealikwa, tena kwa mwandiko mzuri."

"Niichane?"

"Uichane akose makazi? Atazurura nyumba nzima."

"Basi nitaandika kwamba anaogopa kitu."

"Jaribu."

Mwalimu alikata neno *hakuna* na kuanza kuandika juu yake. Kalamu ilikwaruza karatasi kavu. Aliijaribu pembeni mwa gazeti, wino ukatoka vizuri. Akarudi kwenye kadi, ikakwaruza tena. Ndani ya stoo, Chiriku asiyekuwa Chiriku alicheka.

Mganga alishusha sauti. "Hilo hatakuachia. Lakini sauti atabadilisha kwa sauti, akiona aliyopewa ina faida zaidi. Kushika kalamu hawezi, kumbuka hilo. Anahitaji mkono wa mtu."

"Sauti ya nani?"

"Ya atakayekubali."

Bibi alianza kulia. Mwalimu hakumtazama, alijua akimtazama atasita. Aliandika kwa herufi za wastani, kama zile alizomfundisha Chiriku kuandika: *Anachotaka: sauti ya aliyeandika kadi hii.* Wino ulitiririka kama mafuta. Kikohozi kikasikika mara mbili, karibu sana, na harufu ya nguo iliyoungua ikapita mbele ya uso wake.

"Babu!" Chiriku alipiga kelele. "Babu, nilikuwa nasema na hamnisikii! Kwa nini Bibi analia? Mama mganga, hivi viatu ni vyako?"

Bibi akacheka huku machozi yakimtoka. Mwalimu naye alitaka kusema kitu, midomo ikacheza bila sauti, akatikisa kichwa tu. Alikuwa ametosheka. Aliiweka kalamu mezani, akairudisha kadi sandukuni, na sanduku akalirudisha stoo, mahali pake.

Juma zima nyumba ilikuwa na amani. Chiriku alisema kwa niaba ya wawili. Jumamosi mchana, Bibi alipokuwa sokoni, Mwalimu alikaa barazani na magoti yake mabovu, akisikiliza mjukuu wake akijiimbia sebuleni.

Ndipo aliposikia mtu akikohoa mara mbili ndani, kisha sauti ya mzee, ya upole, iliyozoea kusikilizwa darasani.

"Chiriku, mjukuu wangu."

Wimbo ulikatika. "Babu? Babu, umepona!"

"Nimepona. Chukua ile kalamu mezani uniletee huku stoo. Kuna kadi hapa, nitakuambia cha kuandika. Kwa mwandiko ule niliokufundisha."

"Naja, Babu!"

Kiti kilisukumwa. Miguu midogo ilikimbia juu ya sakafu, ikielekea nyuma ya nyumba. Mwalimu alishika ukuta, akajiinua nusu, akafungua mdomo.