Stempu Isiyo na Uso

Mlinzi wa jengo la posta ndiye aliyeliona jambo lenyewe, asubuhi alipofungua madirisha ya chumba cha mikutano. Mchoro wa stempu mpya ulikuwa palepale kwenye stendi yake, mpana kama sinia, ila mwalimu aliyechorwa hakuwa na uso. Mtu alikuwa ameukata kwa wembe na kuondoka nao.

Mpelelezi wa posta akaitwa. Wafanyakazi walimbatiza jina la Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona mama huyo akikimbilia kitu, hata chai ya saa nne. Mwenyekiti wa kamati ya stempu alimweleza mambo harakaharaka. Walikuwa wamevutana kwa muda mrefu juu ya nini kinastahili kuwekwa kwenye stempu ya taifa. Huyu alitaka ndege, yule ua, Profesa akashikilia garimoshi la kwanza. Mwisho akashinda Mwalimu wa Mtoni, ambaye kila mtoto alifundishwa kwamba siku ya mafuriko aliwavusha wanafunzi wake mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Tena alikwisha fariki, na sharti la kamati lilikuwa limebandikwa ukutani: aliye hai hawekwi kwenye stempu. Kabla hujafa hujaumbika.

Mlango haukuvunjwa, na ufunguo hukaa kwa mlinzi. Mwenyekiti alisema kwamba kama mkosaji mwingine hatapatikana kabla ya kikao cha alasiri, mzee huyo atafukuzwa kazi.

Taratibu akausogelea mchoro. Wembe ulikuwa umepita kwenye paji, sikio na kidevu bila kutetereka. Chini ya kidevu, pale vidole vya mtoto aliyebebwa vilipoishika shingo ya mwalimu, ulipinda, ukavizunguka kimoja kimoja. Hata kucha haikuguswa. Alisimama hapo muda mrefu kuliko Mwenyekiti alivyopenda.

Mlinzi hakuficha kitu. Jana baada ya kazi aliwapa ufunguo watu wawili: Profesa, aliyesahau miwani, na Katibu wa kamati, aliyesema anakwenda kufunga madirisha. Angewakataliaje wakubwa? Taratibu akamuuliza swali moja tu la ziada, kwamba angeachiwa yeye, angemweka nani kwenye stempu.

"Marehemu mama yangu," mlinzi akasema. "Ila angekasirika, dada, watu kumlamba mgongo."

Wakacheka wote wawili, ingawa macho ya mzee yalikuwa mekundu.

Profesa alipokea maswali kwa hasira. Alikiri kwamba aliuchukia mchoro ule tangu siku ya kwanza, na kwamba garimoshi lake lilidhulumiwa. Angekuwa yeye, alisema, angeuchanachana wote, mtoto na mto wake. Taratibu alimwamini.

Katibu alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kunyoosha karatasi zilizokwisha nyooka. Alisoma katika shule ileile ya mtoni, na baadaye akamwoa binti wa mwalimu. Kwa sababu ya ukwe huo hakupiga kura, na wiki nzima watu walikuwa wakimpa hongera. Nani angemshuku? Naye akaulizwa swali la stempu.

"Ninayemtaka mimi haruhusiwi," akasema, kisha akazirudia karatasi zake.

Taratibu akashukuru, akatoka, akanywa chai yake bila haraka. Kisha akarudi na kufunga mlango nyuma yake.

"Kaka, wagombea wote wa kamati waliruhusiwa. Asiyeruhusiwa ni aliye hai tu. Unamfahamu mtu aliye hai anayestahili kuliko mkweo, nawe ukamwondoa mkweo. Lakini mtoto ulimwonea huruma. Ni wewe?"

Katibu akafungua mtoto wa meza, akautoa ule uso na kuulaza kifudifudi mbele yake.

"Ni mimi," akasema. "Aliyenibeba ni mpishi wa shule. Alituvusha wote. Mwalimu alikuwa juu ya paa la ofisi. Maji yalipopungua akashuka, na waandishi wa habari wakamkuta yeye ndiye mwenye koti. Hakukanusha. Mpishi hakuulizwa."

"Nawe ulinyamaza miaka yote hii."

"Ningemwambiaje mama watoto? Amekua akijua baba yake ni shujaa." Akaugusa ule uso. "Yule mama mpishi yu hai, magoti yamekufa. Kila mwezi namwandikia barua. Ningebandika sura ya mwalimu kwenye bahasha yake yeye?"

Taratibu alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

"Mficha uchi hazai, kaka. Na mzee wa watu ameshaambiwa afungashe."

Katibu akampigia simu mkewe, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini, akasikiliza, akakata. Akaenda kwenye kikao kwa miguu yake na kusema mwenyewe.

Mlinzi alirudishiwa ufunguo siku hiyohiyo. Katibu aliondolewa kwenye kamati na kupelekwa dirishani kuuza stempu. Mpishi alipofuatwa alithibitisha, kisha akauliza kwa nini wamechelewa hivyo. Kamati ikavutana tena, hadi mchoraji alipomchora mbebaji kwa nyuma: mwanamke mwenye kitambaa kichwani, maji kiunoni, mtoto mgongoni. Sharti halikuvunjwa, kwa kuwa uso haukuonekana.

Siku stempu ilipotoka, Taratibu alipanga foleni kama wengine. Mbele yake alisimama mke wa Katibu, ambaye watu walisema hakuwa akizungumza na mumewe ila kuhusu watoto. Katibu alikuwa ameweka kando bahasha ya mwezi ule, anwani ya mpishi imeshaandikwa, naye ameshika stempu ya kwanza. Mkewe akamtazama yule mwanamke wa kwenye stempu aliyegeuza mgongo, akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Hii nitaibandika mimi."