Vali Zilizowaka Bila Umeme

Amplifaya ilikuwa imechomolewa tangu Jumamosi, na sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, lakini Kavinya alipoigusa aliikuta ina moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Hakujali. Alikuwa fundi wa redio katika nyumba za wafanyakazi wa reli za mtaa wa Makongeni, mjane mwenye binti mmoja, Ndanu, wa darasa la saba. Mwaka huo wa 1993 ni yeye tu mtaani aliyebaki akijua mashine za vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Hii ililetwa na Opicho, mwalimu wa kwaya, kwa sababu ilikuwa ikikata sauti katikati ya ibada. Kavinya alibadilisha kapasita iliyovuja, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, akasugua soketi zilizoshika kutu, akachomeka umeme, kisha akampa Ndanu maikrofoni aijaribu.

"Moja, mbili, tatu," Ndanu alisema.

"Nne," sauti yake ikajibu kutoka kwenye spika.

Ndanu akamgeukia mama yake. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Kavinya aling'oa waya ukutani. Vali hazikuzimika. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na ndani ya spika Ndanu akaanza kucheka, ilhali Ndanu mwenyewe amesimama pale akijishika koo, machozi yakimtoka.

Mchana huohuo Kavinya alimleta Sheikh Yonis wa mtaa wa Eastleigh, mzee aliyejulikana kwa kutoa majini. Mzee hakuvuka kizingiti.

"Usizivunje hizo vali," alinong'ona. "Utavunja na sauti ya mtoto. Hilo jini huishi kwa kujibiwa. Nyamazeni hadi Alhamisi adhuhuri, litachoka litoke."

"Na mtu akilijibu?"

"Litamwachia mtoto, limshike huyo."

Wakanyamaza. Walipika kimya na kula kimya, na kila walipoinua kijiko spika iliita, mara mama nimeungua, mara mama kuna mtu dirishani, mara mama kwani hunipendi tena, na Kavinya akabaki akizunguka kutoka meza hadi mlango, mlango hadi kitanda, kitambaa amekiuma kwa meno, asijue akikaa atakaa wapi na akisimama atasimama vipi.

Alhamisi asubuhi Ndanu hakuamka. Mwili ulichemka, pumzi ikawa fupi.

"Mama, nakufa," spika ikasema. "Niitikie."

Kavinya akapiga magoti mbele ya mashine. Basi na limshike yeye. Akavuta pumzi ajibu.

"Hodi, Mama Ndanu!" Alikuwa Opicho, tayari ameingia. "Mashine yetu iko aje?"

"Karibu, mwalimu," spika ikasema kwa sauti tamu ya Ndanu.

Kavinya alikuwa karibu naye kiasi cha kumziba mdomo. Hakuinua mkono.

"Asante, mwanangu," Opicho akajibu.

Vali zikazimika moja baada ya nyingine. Kitandani Ndanu akakohoa. "Mama, naskia kiu."

Opicho alitabasamu, akataka kusema pole, akakosa sauti. Akajigusa koo kama mtu aliyeshikwa na homa, akaibeba mashine yake, akaenda. Kavinya hakumwita.

Usingizi ulimhama siku mbili. Jumapili alikwenda kanisani amwambie Opicho ukweli, hata kama ni mbele ya watu. Alipofungua mlango alimwona amesimama kando ya mchungaji, midomo imefumbwa, jasho linamtiririka. Kwenye meza, vali zilikuwa zinawaka.

"Bwana asifiwe!" sauti ya Opicho ikanguruma kwenye spika.

"Msiitikie!" Kavinya akapiga ukelele.

Lakini "Amina" ya watu mia mbili ilikuwa imeshamfunika.

Kisha kanisa zima likawa kimya. Watu walitazamana, midomo ikifunguka na kufungika. Mtoto mchanga alikunja uso kulia, asisikike.

Mbele, mtu mmoja akakohoa.

"Mama Ndanu," Opicho akasema polepole, kwa sauti yake mwenyewe. "Kwani ulijua?"