Kihisi Kinachoamka Gurudumu Likizunguka

Veturia alikuwa akisonga sima ya mahindi mumewe alipoingia.

"Kesho tunahama," alisema Pamfil. "Maua ya migunga yamekwisha."

Kila kiangazi walibeba mizinga sitini ya nyuki juu ya lori lao. Walishuka kutoka mlimani hadi kwenye mashamba ya alizeti kando ya mto Danubi. Veturia hakuwaogopa nyuki. Aliogopa ule mteremko. Tairi likipasuka pale, lori na mzee wake wangeishia korongoni.

"Ile taa ya onyo la matairi bado inawaka?" aliuliza.

"Siioni tena."

Veturia akaenda kutazama. Kumbe Pamfil alikuwa ameiziba taa kwa nta!

"Wee mzee! Nyuki huziba ufa. Wewe unaziba jicho?"

"Inanisumbua! Nimepima upepo, matairi yote mazima. Ni betri za vihisi, vile vidude vya kupima upepo, zimekufa, nazo zimo ndani ya matairi. Kila zikifa niyavue yote?"

Veturia hakumgombeza zaidi. Alijua amechoka. Akaenda kumwita jirani yao Zamfira, fundi wa magari.

Zamfira aliibandua nta taratibu, wala hakumcheka mzee.

"Baba Pamfil, taa haikukosea. Ilikuwa inasema, 'Sipati habari za matairi.' Waya haufiki kule, maana gurudumu linazunguka. Betri nazo huisha. Lakini ninavyo vihisi visivyohitaji betri."

"Vinakula nini? Asali?"

"Vinakula mwendo! Ndani mna kipande chembamba. Gurudumu likizunguka, tairi hubonyea barabarani, nacho kipande hujipinda. Kila kikijipinda hutoa umeme kidogo. Unatosha kupima upepo na kutuma habari kwa redio."

"Na lori likisimama wiki tatu, nyuki wakila maua?" aliuliza Veturia.

"Kihisi kinalala, mama. Mkiondoka kinaamka chenyewe. Kwa hiyo kabla ya safari, pimeni upepo kwa mkono kama kawaida."

Zamfira akavifunga vihisi vipya siku hiyohiyo.

Asubuhi na mapema, nyuki wakiwa bado ndani ya mizinga, Pamfil alipima matairi yote. Wakaondoka. Walipokaribia mteremko, taa ikawaka, ikionyesha tairi lenye kasoro.

"Tairi la nyuma, kushoto," alisema Pamfil. Mara hii hakubisha. Alipunguza mwendo, akaegesha pembeni.

Msumari ulikuwa umezama kwenye tairi, na upepo ulikuwa ukitoka, fyuuu.

Pamfil aliutazama, kisha akautazama mteremko ulio mbele yao. Veturia akamshika mikono yote miwili.

"Tumesimama, mume wangu. Tumeshasimama."

Walifunga tairi la akiba, wakashuka polepole. Adhuhuri nyuki walikuwa tayari kwenye alizeti. Pamfil alikuwa amelala kivulini mwa lori, akikoroma kwa raha. Veturia akamfunika uso kwa kofia, jua lisimwamshe.