Nakala ya Jumamosi

Faili ya Elsie ilianza kunenepa mwezi wa pili, na yeye hakuwa ameilisha kitu.

Jumamosi ile, tarehe kumi na nne, alimaliza kuosha vyombo vya mchana, akakaa mbele ya kompyuta ya marehemu mumewe hapo nyumbani Kaloleni, Voi, akaangalia ukubwa wa faili kama mtu anavyoangalia mizani ya duka asiloliamini. Wiki nzima hakuwa ameandika hata kiberiti. Faili ilikuwa imeongezeka karibu nusu.

"Hata mbuzi wa sikukuu hanenepi hivi," alisema, akaifunga.

Mumewe, Obadiah, alikuwa karani wa reli, na ukarani haukumtoka alipostaafu. Miaka kumi na mitano aliandika kwenye programu ya hesabu ya kompyuta ile kila kilichoingia nyumbani na kila kilichotoka: sukari, mafuta ya taa, karo, sadaka. Na kila alichonunua alikilalamikia pembeni. *Nyama kilo moja, mifupa mitupu. Nyanya za mia, tatu zimeoza.* Kila Jumamosi saa nane mchana alitoa nakala ya akiba, akaipa jina la tarehe ya siku hiyo, akaiweka. Ungeweza kufungua Jumamosi yoyote ukamkuta Obadiah amekaa ndani yake ananung'unika. Watu wengine huacha picha. Huyu aliacha bei.

Alipokuwa anakufa, neno lake la mwisho kwa mkewe halikuwa la mapenzi. Alisema, "Usiache Jumamosi ipite bila nakala." Hakuuliza kama anataka. Elsie alikuwa amepikia shule ya bweni miaka thelathini, sasa amezika mume na analea mjukuu, na mgongo wake ulishaandika barua ya kuacha kazi. Lakini alikaa pale kila Jumamosi, miaka miwili. Mjukuu, Shanice, wa miaka tisa, alipenda siku hiyo kuliko Krismasi. Alifungua nakala za zamani, akasoma malalamiko ya babu yake kwa sauti nzito mpaka akaanguka kwa kucheka.

Basi mwezi wa kwanza programu ikajibadilisha yenyewe, bila kubisha hodi. Ikauliza swali moja tu: nakala zote za zamani ziunganishwe ziwe moja, ya mtindo mpya? Zikishaunganishwa hazitatenganishwa tena. Elsie alisoma mara mbili. Shule alifika darasa la saba, lakini swali lile alilielewa vizuri sana. Akabonyeza ndiyo.

Shanice alipotafuta Jumamosi za babu akazikosa, alilia mpaka akalala na viatu. Elsie alimwambia, "Ni mashine imezila, mjukuu wangu. Si mimi."

Jumatatu tarehe kumi na sita alibeba kompyuta hadi kwa Tom, fundi mwenye kitambi na duka dogo karibu na soko.

"Wamebadilisha bakap, Mama Loise," Tom alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Zamani kila tarehe ilikuwa na faili yake. Sasa ni moja tu, inajiandika juu ya ile ya jana."

"Na ya jana inaenda wapi?"

"Haiendi mahali. Inafunikwa."

"Nani aliwaomba?"

"Hakuna. Ni apdeti."

"Mimi nilisonga ugali miaka thelathini kwa njia moja, na hakuna mtoto aliyeniomba apdeti."

Tom alicheka, akafungua faili. Kicheko kikakatika. "Si umesema hujaandika kitu?"

"Nimesema."

"Hapa kumeandikwa mpaka tarehe ishirini na nane. Tarehe ambazo hazijafika."

Elsie alivaa miwani. *Jumanne tarehe 24: mishumaa, pakiti moja. Alhamisi tarehe 26: dawa ya kikohozi, chupa moja.* Kwanza alidhani ni yule mzee wake amerudi na ukarani wake. Halafu akaona kilichokosekana. Hapakuwa na lalamiko. Mishumaa, pakiti moja, basi. Obadiah hangenunua mshumaa bila kumtukana aliyeutengeneza. Aliyeandika hapa alikuwa ananunua bila kuumia.

Mstari wa mwisho ulisema: *Jumamosi tarehe 28: jeneza dogo, moja.*

Tom aliifuta faili mbele yake, na hakumwomba shilingi. Hilo peke yake lilimtisha.

Jumanne ile, tarehe ishirini na nne, jioni stima ilipotea. Elsie alikaa gizani makusudi, ameshika pochi yake kwa mikono miwili, akisema hanunui mshumaa hata akiombwa na kuhani. Mlango ukafunguliwa, Shanice akaingia na pakiti mkononi. "Nyanya, nimenunua na pesa yangu ya mandazi. Ulikuwa umekaa vibaya."

Alhamisi mtoto akaanza kukohoa.

Elsie alipowasha kompyuta faili ilikuwa imerudi mahali pake, nene kuliko ilivyokuwa ilipofutwa, na feni ya ndani ikatoa sauti ya mtu anayetafuna mahindi makavu polepole, asiye na haraka kwa sababu anajua sahani ni yake, na pamoja na sauti ile ikatoka harufu, katika joto lile la Voi la kupasua mabati, harufu ya baridi, ya jiwe lisiloona jua na kinyesi cha popo, ikashuka mezani, ikapita chini ya kiti, ikaenda taratibu mpaka mlango wa chumba alichokuwa amelala mtoto, ikasimama hapo.

Harufu ile aliijua. Alipokuwa msichana huko milimani aliipitia mbali, penye mwamba ambako Wataita wa zamani waliweka vichwa vya wazee wao. Siku hizo mzee akishakaa kaburini vya kutosha, kichwa chake kilitolewa, kikapelekwa pangoni kupangwa na wenzake. Kanisa lilikomesha. Mapango hayakuhama.

Akampigia simu Crispus, kaka mkubwa wa Obadiah, anayekaa Mwatate. Crispus alikuwa fundi bomba mstaafu na mzee wa kanisa, na vilevile ndiye watu waliyemwita kimyakimya mambo yakishinda kanisa. Alisema ana kamati, ana goti, atakuja Jumamosi.

"Jumamosi ndiyo siku yenyewe, shemeji!"

"Basi si nitakuwa nimekuja siku yenyewe?"

Alifika tarehe ishirini na nane saa saba mchana, gambuti miguuni, chupa ya maji ya miwa kwapani. Shanice alikuwa mkekani, midomo imekauka, dawa ya zahanati imeshindwa. Crispus alinusa chumba, akaketi bila kukaribishwa.

"Mmefanya nini na vitu vya ndugu yangu?"

Elsie alimweleza, isipokuwa kidole kilichobonyeza.

"Wazee wetu wakihamisha kichwa, kichwa kiliambiwa," Crispus alisema kwa sauti ya chini. "Baba, tunakutoa hapa, tunakupeleka pale. Hapa Jumamosi zaidi ya mia saba za mtu zimemwagwa shimo moja bila neno. Pango likabaki tupu. Na pango tupu halikosi mpangaji."

"Ni Obadiah?"

"Obadiah angelalamika. Hilo ni jini. Halina kwao, linakaa palipohamwa, na likikaa linaanza kununua."

"Tuichome hiyo mashine."

"Ukichoma mzinga, nyuki huenda wapi? Kwa aliye karibu." Akamtazama mtoto. "Tutatasa, tuteme kinyongo kama wazee wetu. Mwenye kinyongo ndiye mlango wake. Utajaza mdomo maji haya, utakumbuka kinyongo chako kwa marehemu, utatema, halafu utakisema. Kimoja kimoja, mpaka viishe. Ukibakiza hata kimoja, hicho ndicho kitakuwa nyumba yake."

"Mtoto atoke kwanza."

"Mtoto ndiye aliyeandikwa. Anakaa katikati."

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Kompyuta ilijiwasha. Kutafuna kukaanza.

Elsie alijaza mdomo, akatema juu ya sakafu. "Ulinihesabia chumvi kama mwizi." Akatema tena. "Ulimzika mama yangu ukaandika pembeni ya gharama kwamba mvua iliharibu viatu." Shanice, pamoja na homa yake, alitabasamu. "Uliniachia kazi bila kuniuliza kama nimechoka." Kila alipotema sauti ilipungua, na harufu ikarudi nyuma hatua moja kama mbwa aliyetishwa kwa fimbo. Crispus alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anaomba kwa Kidawida, lugha ya kwao.

"Bado," akasema. "Kipo kimoja. Nakisikia."

Elsie alijaza mdomo mara ya mwisho. Alikijua. *Nilibonyeza mwenyewe. Nilielewa kila neno. Nilitaka ufe mara ya pili ili nipumzike Jumamosi.* Maneno yalikuwa tayari nyuma ya meno, na mbele yake mtoto amemkodolea macho yaleyale ya Obadiah, mtoto aliyelala na viatu kwa kulia, mtoto aliyeambiwa si mimi, na Elsie, ambaye hakuwahi kuogopa mwalimu mkuu wala mgonjwa wala maiti, akaogopa kutazamwa na macho yale baada ya kusema, na saa ya ukutani ikawa inasogea, na yale maji matamu yakawa yanapata joto mdomoni, yanatafuta njia.

Akameza.

Halafu akafanya sauti ya kutema, kavu, akasema, "Ulikuwa unakoroma."

Saa nane ikagonga. Kutafuna kukakoma palepale. Harufu ikakatika kama uzi. Crispus akafungua macho, akaitazama skrini: faili ilikuwa tupu, haina hata herufi.

"Limetoka," alisema, akajipangusa jasho. "Kuna chai?"

Jioni homa ya Shanice ilishuka. Jumapili aliomba uji, akauliza kwa nini hauna sukari. Kompyuta ilikwenda kwa Tom, akaikata vipande akauza vifaa. Elsie alilala wiki hiyo kama gunia, na majirani wakasema amenawiri, hata tumbo limeanza kutokeza.

Ijumaa aligombana na mwenye duka juu ya bei ya unga mpaka watu wakatoka nje kuangalia. Shanice aliona aibu, akafurahi pia, maana nyumba ilikuwa imerudi kuwa nyumba.

Jumamosi baada ya chakula mtoto alikuwa uani anaosha vyombo. Alisikia nyanya yake anaongea chumbani. Akadhani bado ni ule unga.

"Jumatatu: unga, kilo mbili," sauti ilisema.

Shanice aliacha kusugua, akangoja atukanwe mwenye duka. Hakutukanwa.

"Jumanne: sabuni, kipande kimoja. Jumatano: mafuta ya taa, nusu lita."

Akaenda taratibu mpaka mlangoni, mikono inachuruzika povu. Ndani mlikuwa na baridi. Nyanya yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha Obadiah, ameelekea meza tupu ilipokaa kompyuta, macho wazi, mikono imetulia juu ya tumbo. Taya zilikuwa zinakwenda polepole, hata pale ambapo hapakuwa na neno, kama zinatafuna mahindi makavu.

"Alhamisi: pamba, bunda moja. Ijumaa: sanda, yadi nne."

"Nyanya," Shanice alinong'ona. "Nyanya, lalamika kidogo."

Elsie aligeuza kichwa, akamtazama mtoto kuanzia utosini mpaka nyayoni, kama mtu anayepima kitambaa.

"Jumamosi," akasema.