Kiraka cha Mirihi

Mchanga ulianza kusikika mchana kweupe, watu wakiwa mezani. Shwaaa, polepole, kama mtu anayemimina gunia nyuma ya kabati la vyombo. Baba Chiriku akainuka, akavuta kabati, akamulika kwa simu. Hakuna hata punje.

"Panya," akasema, akarudi kula. Panya gani anamimina mchanga jamani? Lakini ndivyo alivyo yule bwana, kila asichokielewa ni panya.

Mkewe alikuwa anamtazama binti yao, Chiriku, waliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo alikuwa kimya. Jua la dirishani lilikuwa limempiga ubavuni. Kivuli cha meza kilikuwa sakafuni, cha kiti kilikuwa sakafuni, cha mtoto hakikuwepo.

"Chiriku, inua mkono."

Akainua. Sakafu haikubadilika.

"Mama, nasikia baridi," akasema kwa sauti ndogo. "Na kunanuka kiberiti."

Mama Chiriku alijua kile kivuli amekipeleka wapi.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha picha zinazotumwa na gari la utafiti, lisilo na mtu ndani, linalotambaa huko kwenye sayari ya Mirihi. Picha huja vipandevipande, na mara nyingine kipande kinapotea njiani. Kikipotea, mahali pake panabaki mraba mweusi, na kanuni ya kazi ni kuuacha mraba huo vilevile. Lakini mkuu wao, waliyemwita Bwana Nadhifu kwa sababu hata alama ya kidole kwenye kioo ilimnyima usingizi, alitaka picha kubwa ya kutundika ukumbini wageni waione.

"Sitaki tundu jeusi ukutani kwangu," alisema. "Ziba."

"Nizibe na nini, bosi?"

"Fundi ni wewe. Utajua mwenyewe."

Utajua mwenyewe! Wakubwa wakishasema hivyo huwa wameshanawa mikono. Mama Chiriku alijaribu mchanga wa pembeni, rangi ikakataa. Akajaribu mwamba, ukakataa. Mwishowe, kwa hasira, akafungua simu yake, akatafuta picha ya Chiriku amesimama uani kwao kwenye udongo mwekundu, akakata sehemu ya chini, udongo pamoja na kivuli cha mtoto, akaibandika penye mraba. Ikakaa sawasawa. Ungedhani ni kivuli cha jiwe. Bwana Nadhifu akapiga makofi.

Sasa mganga aliyeitwa nyumbani, mama mmoja asiye na maneno mengi, alikuwa ameishika simu yenye nakala ya ile picha ya Mirihi na uso umemkunjamana.

"Huyu aliyesimama nyuma ya mtoto ni nani?"

"Hakuna mtu hapo, mama. Ni mawe."

"Tazama vizuri."

Akatazama. Nyuma ya kivuli cha Chiriku kulikuwa na kivuli kingine, kirefu, chembamba, na hapakuwa na kitu chochote chenye kivuli hicho. Wakati anabandika kiraka hakikuwepo, angekula kiapo.

"Ni jini?" Baba Chiriku akanong'ona. Panya walikuwa wamemtoka kichwani.

"Ni mwenye mahali pale," mganga akajibu kwa sauti ya chini. "Gari lenu limepita mlangoni kwake. Ule weusi ni mlango. Wewe mama ukaja ukaweka mtoto mlangoni kwa mtu, naye kaona amepewa. Nenda ukatoe hicho kiraka, mlango uwe wazi, mimi nimwite mtoto kutoka huku. Lakini gari lisiondoke hapo lilipo. Gari ndilo njia ya kivuli; likiondoka, hakitakuwa na pa kurudia."

Mama Chiriku akaenda kazini mbio. Na hapo ndipo utakapojua kwamba jini ana nafuu kuliko ofisi. Picha ilikuwa imefungwa, haibadilishwi ila kwenye kompyuta ya mkuu. Mkuu akasema wageni wako njiani. "Bosi, mwanangu anaumwa!" "Mpeleke hospitali, basi, kwenye kompyuta yangu anakuja kufanya nini?" Fundi wa mitambo akamrudisha kwa mkuu. Mkuu akasema aandike maombi. Akaenda kwa Dereva, kijana anayeliendesha gari la Mirihi kwa kulitumia amri akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu madogo, wakati baiskeli tu inamshinda. Hakuwepo, kaenda kupokea wageni. Mama Chiriku alitamani kulia, akakosa hata nafasi ya kulia.

Wageni walipofika na Bwana Nadhifu kutoka kuwalaki, Mama Chiriku alijipenyeza ofisini kwa mkuu, akakalia kiti chake, na kwenye kompyuta iliyoachwa wazi akafuta kiraka. Mraba mweusi ukarudi. Akampigia mumewe.

"Kinarudi!" Baba Chiriku alipiga kelele. "Mke wangu, kinarudi! Nakiona kwenye vidole vya miguu!"

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Alikuwa Dereva.

"Dada, nasikia ulinitafuta, ati gari lisisogee. Mbona amri ya kusogea nimeshaituma, dakika chache tu zilizopita?"

"Irudishe!"

"Hairudi, dada. Iko njiani. Hata nikituma nyingine sasa hivi, itafika nyuma yake."

Wakakaa wawili mbele ya kioo, simu ikiwa wazi mezani, wakasikia mganga akiita na kuita, na sauti yake ikianza kukauka, na mchanga ukimiminika nyuma yake kwa nguvu kama vile ukuta mzima wa nyumba unaporomoka, mpaka picha mpya ikaingia, iliyopigwa na kamera ya nyuma ya gari likiwa limeshaondoka, ikajifungua kipande kwa kipande kutoka juu, mbingu ya vumbi, vilima, alama za magurudumu zilizonyooka, na katikati ya alama hizo kivuli kidogo kilichonyoosha mikono mbele, na nyuma yake kile kirefu, karibu kuliko mwanzo, kinatembea tu, hakina haraka.

"Anahema," Baba Chiriku akasema kwenye simu. "Yuko kitandani, miguu haitikisiki, lakini anahema, na nyayo zake zimejaa vumbi jekundu. Mmefanya nini huko?"

Kisha ikaja sauti ya mtoto, ikikatika kwa kukosa pumzi.

"Mama, waambie wasimamishe gari. Nimechoka kukimbia."