Kitovu Kisichokauka

Jumamosi ile ya vuli Lamprini alirudi kijijini kutoka chuoni, mjini Yoanina, na begi la nguo chafu mgongoni na hasira zake za kawaida kifuani. Basi lilimshusha penye bango jipya la hifadhi ya taifa. Bango lilisifu korongo, dubu, mbuzi wa majabalini na mto Aoos, kisha likajigamba kwamba msitu ulio juu ya kijiji unalindwa kwa sheria.

Lamprini akacheka kwa pua. Sheria ilikuja juzi. Msitu ule ulilindwa na mabibi zake, kizazi baada ya kizazi, ili theluji na mawe yasiporomokee nyumba zao. Hawakuwa na askari wala magari. Walipanda mlimani wote pamoja na padri, wakainamisha mishumaa miali ikitazama chini, wakalaani: atakayetoa humu hata ukuni mmoja, chake kisioze, kisikauke, kisirudi mavumbini. Bango halikuwataja kwa neno moja.

Nyumbani kulinukia pai ya jibini. Kaka yake Zisis, mchungaji wa kondoo mwenye mikono ya seremala, alimvuta moja kwa moja hadi chumbani kumwonyesha binti yake, aliyezaliwa wakati Lamprini akiwa kwenye mitihani. Mtoto hakuwa na jina bado. Angelipata siku ya ubatizo. Alilala kwenye susu mpya ya mbao nyekundu, laini kama yai.

"Umenunua?"

"Kwa pesa ya nani? Nimechonga mwenyewe."

"Mbao umezitoa wapi?"

Zisis akatazama dirishani. "Juu."

"Juu wapi, Zisis?"

"Upepo uliuangusha mti mmoja wa oksia. Sikuupiga shoka uliosimama, ulikuwa umejilalia tu, unaoza bure. Hata askari wa hifadhi hawakuniona." Akatabasamu. "Wewe msomi mzima unaogopa mishumaa?"

"Siogopi. Nauliza."

Lakini hakuuliza tena. Zisis alipotoka kwenda zizini, mkewe Olimpia akafunga mlango. Akanong'ona.

"Wifi, njoo uone."

Akafunua nguo za mtoto. Kitovu kilikuwa kibichi. Kilikuwa na unyevu, kama kimekatwa asubuhi ile.

"Si alizaliwa kabla ya Sikukuu ya Msalaba?"

"Ndiyo. Na sasa ni miezi miwili, miti imeshapukutika. Daktari kapima kila kitu, anasema mtoto mzima. Ila uzito ni uleule wa siku aliyozaliwa." Olimpia akamfunika tena. "Na hajawahi kulia."

Kando ya kichwa cha mtoto kulikuwa na kijiti cha mrehani, kile kilichobarikiwa kanisani siku ya Msalaba. Hakikuwa ndani ya maji. Bado kilikuwa kijani, na kilinukia kama kimechumwa sasa hivi.

Bibi Evanthia akaingia bila kubisha hodi. Siku zote aliamini susu imetoka sokoni. Macho yake hayaoni vizuri, na hakuna aliyemsahihisha. Sasa aliinama kumbusu mtoto, kiganja chake kikatua kwenye ubao. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Nani kaleta mti wa juu humu ndani?"

"Bibi, ulianguka wenyewe," Lamprini akasema, akishangaa kujisikia akimtetea kaka yake.

"Ulioanguka si wa msitu? Maiti ya mtu si ya ndugu zake?"

"Basi wamshike Zisis. Mtoto kakosa nini?"

"Zisis hakulala humo, mwanangu."

Wakampigia padri simu. Padri akasema kuondoa laana kama ile ni kazi ya askofu, na askofu ana ratiba. Lamprini akakata simu padri akiwa bado anazungumza. Akamwinua mtoto, akampa Olimpia, akaifunga susu kwa kamba ya kufungia kondoo na kuitupia mgongoni. Zisis, aliyekuwa amerudi kutoka zizini, alitaka kuibeba yeye.

"Wewe usikanyage kule tena," Bibi akasema.

Njiani kupanda msituni ndege walilia. Gogota aligonga mti. Palikuwa na kinyesi kibichi cha dubu, lakini nyayo zake zilifika mpakani mwa msitu, zikageuka.

Alipovuka mpaka huo, sauti zote zikakatika.

Ukungu ulikuwa umesimama katikati ya mashina. Aliuona mti ulioanguka. Pale Zisis alipotia msumeno, jeraha lilikuwa bichi. Lilikuwa na unyevu.

Akaitua susu. Alitaka kuondoka. Hakuweza. Kimya kile alikijua: kimya cha ukumbi wa mdahalo chuoni, unaosubiri upande wa pili ujibu hoja.

Basi akajibu.

"Mmekosea mtu," akauambia msitu. "Huyu hana hata jina. Hajui mti ni nini. Kama lazima mmshike mtu, mshikeni anayejua kuwajibu. Nipo hapa."

Upepo haukuwepo.

Susu ikaanza kubembea. Taratibu. Kama inayosukumwa kwa mguu na mtu aliyeketi.

Kisha ikasimama.

Alishuka mbio, akianguka na kuinuka. Kabla hajafikia paa la kwanza alisikia mtoto akilia, kilio kikali, cha njaa. Wiki ileile kitovu kikaanguka. Mrehani ukawa vumbi mkononi mwa Olimpia. Baada ya Pasaka mtoto akabatizwa, akaitwa Evanthia, mnene, mkorofi, na Lamprini akacheza ngoma hadi viatu vikamuuma.

Aliporudi Yoanina alikwenda kwa Fani, msusi wake.

"Nani anakukata nywele siku hizi, mpenzi? Unanisaliti?"

"Wewe tu, Fani."

"Mimi nilikukata vuli."

"Ndiyo."

Fani akashika ncha za nywele, akazipima kwa vidole, akapima tena. Akaweka mkasi mezani. "Sina cha kukata hapa," akasema polepole.

Lamprini akatoa mikono chini ya kitambaa. Kucha zake zilikuwa na rangi aliyopaka Ijumaa ile ya vuli, kabla hajapanda basi kwenda kumwona mtoto mara ya kwanza. Rangi haikuwa imebanduka. Kwenye kila kidole, ilikuwa bado imegusa ngozi kwenye mzizi wa ukucha.