Klachi ya Lori la Kokoto

Haya yalimpata rafiki yetu Jacktone, dereva wa trela la kokoto huko Mwakirunge, na Jacktone si mtu wa kuzua. Stika ya ukaguzi kwenye kioo ilikuwa mpya kabisa. Mkaguzi alilikagua lori kwa simu, akaliona zima.

Jioni hiyo wingu la mvua lilitanda, giza likaingia kabla ya wakati wake.

"Kaka, gia ndogo itie huku huku juu," mpakiaji Thoya alimwambia. "Ukishaanza kuteremka haiingii hiyo."

"Wewe pakia, udereva niachie mimi."

Akasahau. Katikati ya mteremko alikanyaga klachi, akaitoa ya tano, na ya tatu ikakataa. Krrr! Akaachia, akapiga resi, akakanyaga tena. Krrr! Sasa lori halikushikwa na gia yoyote, mzigo unalisukuma, na breki zinapumua tu bila kushika. Chini, taa za vibanda vya Utange zilikuwa zikija na watu wake. Akapiga honi, ngurumo ikaimeza. Akainua mguu, akaiachia gia, akabaki kuomba.

Ndipo klachi ikazama yenyewe. Ikapanda, ikazama tena, bila haraka. Gia ikaingia. Injini ikaunguruma, mwendo ukakatika, lori likasimama mbele ya meza ya nyanya.

Jacktone alizima injini, akapandisha miguu yote miwili kitini. Gizani, chini ya usukani, aliisikia klachi ikiachiliwa polepole, kisha nyayo mbili zisizo na viatu zikijipangusa vumbi kwenye mpira wa sakafu, mmoja baada ya mwingine.